Femia Cuero na Mahori Arobaini na Matatu

Eufemia Cuero Hinestroza, ambaye hapa Boca Mangaña hakuna aliyemwita kwa jina hilo refu isipokuwa padri na daktari, alizaliwa Jumatano tarehe 16 Septemba 1964, katika nyumba ya nguzo iliyokuwa pale panapoanikwa nyavu sasa. Karatasi mlizonazo mikononi zimeandika 1966. Zilichapwa Buenaventura juzi kwa haraka, na mdogo wake wa kiume Próspero, aliyezipeleka, anaomba radhi. Marehemu mwenyewe asingelalamika, maana kila alipoulizwa umri wake alijipunguzia miaka miwili bila hata kupepesa macho.

Kuna kosa jingine katika karatasi hizo, nalo si la mchapaji. Imeandikwa kwamba mwaka 1999 marehemu "alimpoteza binti yake mkokoni kwa bahati mbaya." Ni maneno ya heshima. Kijiji kina maneno yake mengine juu ya siku hiyo, na hayakuwa ya heshima hata kidogo: kwamba Femia Cuero aliondoka bila kungoja mwanawe aitike. Miaka ishirini na mitano ametembea na maneno hayo mgongoni. Mdogo wake Dorlisa, ambaye ndiye anayewasomea, hataki azikwe nayo. Ndiyo sababu ameandika kurasa zake mwenyewe kwa mkono, na hata Próspero hajazisoma. Mnaofuata kwenye karatasi, zikunjeni.

Femia alikuwa wa kwanza kati ya watoto tisa wa Genaro Cuero, mchonga mitumbwi, na Saturnina Hinestroza, muokota chaza. Saturnina alishikwa na uchungu akiwa matopeni katikati ya mizizi, akamalizia kapu lake, akapanda mtumbwi, akajifungua kabla jua halijafika utosini. Hadithi hiyo Femia aliipenda kupita kiasi. "Mimi sikuzaliwa," alikuwa akisema, "mimi niliokotwa na chaza wenzangu."

Alianza shule hapa kijijini mwaka 1972, akasoma mpaka darasa la tatu, ambalo lilikuwa la mwisho kwa kuwa mwalimu alikuwa mmoja. La nne alipelekwa Juanchaco kwa shangazi yake. Alikaa miezi minne, kisha siku moja akashuka gatini na kifurushi chake, hajaagwa na mtu. Baba yake alimuuliza kulikoni. Akasema mwalimu wa kule amewaambia watoto kwamba mikoko ni uchafu wa pwani, na yeye hawezi kumsikiliza mtu wa namna hiyo mpaka Novemba. Genaro alicheka mpaka tezo likamponyoka. Shule ya Femia iliishia hapo, ingawa kusoma alijua, na kuandika aliandika kwa herufi kubwa zilizosimama wima.

Akiwa na miaka kumi na minne alikuwa na nafasi yake katika mtumbwi wa waokota chaza. Akiwa na ishirini na miwili alikuwa mkuu wa mtumbwi. Wenyeji mnajua maana yake, lakini leo tuna wageni waliosafiri kutoka Cali kuja kumzika, wacha nao waelewe. Waokota chaza huingia mkokoni maji yakiwa yamekupwa, wakatawanyika katika mizizi, kila mmoja na kapu lake na kifuu cha makumbi yanayofuka moshi kufukuza mbu. Hakuna anayemwona mwenzake. Maji yakianza kurudi, mkuu husimama kwenye mtumbwi na kuita jina mojamoja, na kila mtu huitika kutoka huko aliko kwa ukelele wake mwenyewe. Jina lisipoitikiwa, mtumbwi hauondoki. Femia alikuwa na sauti ya kupasua msitu, na sauti hiyohiyo ndiyo iliyoongoza nyimbo za maombolezo katika kila nyumba iliyofiwa hapa kwa miaka kumi na mitatu. Waliomsikia akiwaimbia wazazi wao wako hapa leo, wanajua tunachosema.

Aliolewa Jumamosi tarehe 13 Desemba 1986 na Arcadio Angulo Riascos, mvuvi. Padri alikuwa anakuja mara mbili kwa mwaka, kwa hiyo walifungishwa ndoa jozi kumi na moja siku moja, na Femia alidai mpaka mwisho kwamba padri alichoka akawachanganya, na kwamba mumewe halali ni mtu mwingine kabisa. Arcadio alipokwenda kuposa alibeba samaki mmoja. Femia alimtazama samaki, akamtazama na yeye.

"Ndio huyu tu?"

"Wengine walikuwa wadogo, nikawarudisha."

"Na huyu naye mrudishe, halafu fuatana naye."

Kesho yake Arcadio alirudi na ndoo ya kamba, na mama mkwe akawa wake tangu siku hiyo. Walijaliwa watoto wawili, Lucelly, aliyezaliwa tarehe 2 Agosti 1989, na Wilmar, mwaka 1994.

Saturnina alipofariki mwaka 1990, kitinda mimba wake Dorlisa alikuwa na miaka miwili. Femia alimchukua, akamlaza katika bembea moja na Lucelly, wakakua wakigombania mto mmoja na sahani moja. Kwa kuwa Dorlisa ni mdogo wake Femia, Lucelly alipaswa kumwita mama mdogo. Hakukubali. Alichapwa kwa ajili hiyo, akanyimwa nazi ya sukari kwa ajili hiyo, na bado alimwita Dorlisa tu, kwa nguvu, ili kila mtu asikie. Femia alijifanya anakasirika, kisha akageukia ukutani kucheka.

Alhamisi tarehe 18 Machi 1999 ilikuwa bamvua, maji yamekupwa kuliko kawaida, na mitumbwi miwili ilitoka: wa Femia na wa mama Teófila Valencia. Mama Teófila yupo pale mbele, Mungu azidi kumpa uzima. Walirudi saa saba mchana. Mtumbwi wa Teófila ulitangulia kufika gatini, wa Femia ukafuata, na watu walipokwisha kushuka ikaonekana Lucelly hayumo katika wa kwanza wala katika wa pili. Kila mmoja alidhani yuko kwa mwenzake.

Waligeuza palepale. Maji ya bamvua yakikupwa sana, yanarudi na nguvu hiyohiyo, na walipofika mizizi ilikuwa imekwisha kufunikwa. Waliita mpaka jioni. Walipofika tena gatini kijiji kizima kilikuwa kimesimama, na mama Teófila ndiye aliyeuliza.

"Femia, ulimwita mtoto?"

"Nilimwita."

"Akaitika?"

Femia aliwatazama watu, mmoja baada ya mwingine, hata wadogo waliokuwa wamejificha nyuma ya wakubwa. Arcadio alikuwa amesimama na panga alilotumia kukatia njia, anatweta.

"Sikungoja jibu," akasema Femia.

Hayo ndiyo maneno yake. Hakuyaongeza wala kuyapunguza tangu siku hiyo. Walimtafuta Lucelly siku kumi na moja. Siku ya tatu liliopolewa kapu lake, limenasa kwenye mzizi, na chaza wake wamo. Yeye mwenyewe hakuonekana.

Hakuna aliyemtukana Femia hadharani, na hilo lazima lisemwe kwa haki. Hapa hatutukani. Wiki iliyofuata wanawake wote walipanda mtumbwi wa Teófila, na wa Femia ukabaki umefungwa gatini na yeye mwenyewe amekaa ndani, anangoja. Alikuja mara tatu. Mara ya nne hakuja. Msiba uliofuata ulikuwa wa mzee Eliécer, jirani wa mlango kwa mlango, na mtu akatumwa mpaka kijiji cha tatu kutafuta mwimbishaji, akipita mbele ya nyumba ya Femia kwenda na kurudi. Tangu wakati huo mpaka leo hakuna mfiwa hata mmoja wa Boca Mangaña aliyemwita kuimba. Nyumbani kulikuwa na mtoto mwingine aliyekataa kula na kusema, na watu wakasema ni majonzi. Femia alikaa naye sakafuni kila mchana na bakuli la mchuzi wa samaki. "Kula, Dorlisa. Hujafanya chochote. Kula." Mtoto alidhani ni maneno ya mtu asiyejua.

Arcadio alivumilia karibu miaka miwili. Februari 2001 alifunga nguo zake, akauliza mara moja tu, mlangoni, "Femia, uliita ukangoja, au hukungoja?" Femia akamjibu kwamba alishasema gatini. Arcadio akapanda boti ya Buenaventura, akaenda kupakua meli bandarini, na kila mwezi akatuma matumizi ya Wilmar bila kukosa na bila barua.

Mwaka 2003 alikuja mama mmoja mtafiti kutoka Cali, na kayaki nne za plastiki, kuhesabu ndege. Alipomaliza kazi aliondoka na tatu. Ya nne, ya manjano, ilikuwa imepasuka tumboni, akaiacha. Femia aliiziba kwa kuyeyusha beseni bovu, akaishusha majini, na kijiji kikafa kwa kicheko kumwona mwanamke mzima, mpana wa mabega, amekaa katika kitu kile na kafi la ncha mbili. "Femia kapanda sufuria!" walipiga kelele watoto. Lakini chombo kile kilikuwa cha mtu mmoja, na yeye hakuwa na wa kumpandisha. Kilipita mahali penye maji ya vidole vinne. Hakikuwa na injini ya kuzima sauti ndogo.

Alikuwa anamtafuta mwanawe. Hapakuwa na siri wala ujanja mwingine. Kila maji yalipokupwa, kwa miaka minne, alichukua hori moja, yaani mkono mmoja wa maji uingiao mkokoni, akaingia mpaka linapofungwa na mizizi, akatazama chini ya kila mkoko, akatoka, akaandika kwenye daftari kwa zile herufi zake za wima. Aligundua mahori ambayo hata wazee hawakuyajua. Alipofika la arobaini na tatu yakawa yamekwisha, akaanza tena la kwanza.

Ndivyo alivyokuja kujua mikoko yetu kuliko mtu yeyote aliye hai. Alijua ndege kwarara wanalala upande gani na wanabadilisha lini. Alijua tundu la kila mdiria ukingoni, na chatu mmoja mzee wa hori la kumi na nane alimtolea salamu kila alipopita. Yule mama wa Cali aliporudi mwaka 2007 na wageni sita waliotaka kuona ndege, alikuta kwamba maswali yake yote yana mtu mmoja wa kuyajibu. Hiyo ndiyo siku Femia alipoanza kazi ya kuongoza wageni, na leo kijiji hiki kina kayaki thelathini na moja na vijana tisa wanaokula kwa kazi hiyo, pamoja na baadhi ya wana wa wale waliocheka sufuria.

Alipelekwa semina Buenaventura, akaulizwa katika mtihani jina la kitaalamu la yangeyange mkubwa. Alijibu kwamba yeye ndege hawajui kwa majina ya kitabuni, anawajua kwa tabia. Na kweli wageni wake walifundishwa hivyo. "Yule anayekula peke yake na kugeuka nyuma ni don Baltasar wa dukani. Yule mwari mzito, anayetua juu ya wenzake bila hodi, ni shemeji yangu." Don Baltasar alilalamika mpaka kwenye kikao cha kijiji. Kikao kilikwenda kumtazama ndege huyo, kikarudi kimekubaliana na Femia.

Alikuwa mkali majini. Mgeni aliyepiga kelele karibu na viota alirudishwa gatini, hata kama amelipa, hata kama ni mkubwa serikalini. Nyangumi walipoingia ghuba yetu kuanzia Julai, na mama akiwa na ndama ubavuni, Femia alilaza kafi mapajani na kuwazuia wote mbali sana. Vijana walimbishia kwamba boti za wengine zinasogea karibu zaidi. "Basi nendeni na hao," aliwajibu. "Mimi simfuati mama mwenye mtoto."

Alikuwa pia na sheria yake moja ambayo waongozaji wote wa Boca Mangaña wanaishika mpaka leo. Kila wanapotoka katika hori, huita majina, lakini mgeni kuitika hakukumtosha. "Sauti haitoshi," alisema. "Njoo uguse hapa." Kila mtu alipaswa kusogea na kugusa pua ya kayaki ya Femia kwa mkono, ndipo waondoke. Wageni walidhani ni mchezo, wakapiga picha. Vijana wake nao hawakumuuliza sheria hiyo imetoka wapi.

Mgeni mmoja, mwanamke wa makamo, aliwahi kumuuliza katikati ya hori ana watoto wangapi. Wilmar alikuwa kayaki ya nyuma, amekwisha kuwa kijana, na anakumbuka jibu.

"Wawili," alisema Femia. "Mmoja ni huyo nyuma yako. Mwingine yumo humuhumu."

Mgeni akaangaza macho akitafuta kayaki nyingine. Femia akamwonyesha kaa wekundu juu ya mzizi, na safari ikaendelea.

Maumivu ya tumbo yalianza Novemba 2023. Aliyaficha nyuma ya majani ya dawa na pombe ya miwa mpaka Machi, Wilmar alipombeba karibu kwa nguvu mpaka Cali. Ilikuwa saratani ya kongosho, na daktari alisema wazi kwamba imechelewa. Femia alimuuliza amebakiwa na bamvua ngapi. Daktari hakuelewa. Wilmar akamfafanulia kwamba kila mwezi una mbili, daktari akahesabu kwa vidole, akasema labda kumi na mbili. "Zinatosha," alisema Femia, akaomba kurudishwa nyumbani. Aliendelea kuongoza wageni mpaka katikati ya Mei, na alipoacha alipigwa picha na kayaki yake, na hiyo ndiyo picha iliyo juu ya jeneza.

Sasa yafuatayo.

Jumapili tarehe 16 Juni, baada ya chakula, Dorlisa alikuwa anamsuka nywele barazani. Maji yalikuwa yamekupwa. Nywele zilikuwa zimebaki chache, laini, na Dorlisa alikuwa anaogopa kuzing'oa.

"Dada, nina neno."

"Ukiwa na neno huwa unavuta. Polepole."

"Siku ile. Aliyeitika ni mimi."

Femia hakugeuka. "Najua."

"Unajua nini?"

"Najua, Dorlisa. Suka."

Hivi ndivyo ilivyokuwa, na isikilizwe na kila mtu. Siku ile, maji yalipoanza kurudi, Lucelly na Dorlisa walikuwa pamoja katikati ya mizizi. Lucelly aliona chaza wakubwa ndani zaidi. Waliochelewa walikuwa wanakaripiwa, kwa hiyo watoto walikuwa na mchezo wao wa kuitikiana, huyu akimwigia yule ukelele, ili mkubwa atulie na mwenzako apate muda wa kumalizia kapu. Kila mtoto wa hapa ameucheza, na waliokwisha kuzeeka waliucheza pia, hakuna haja ya kutazama chini. Lucelly alisema, "Mama mdogo, mama akiniita niitikie. Nachukua hawa tu, nakuja, nitapanda naye." Mama mdogo. Alilitamka mara hiyo moja, kwa sababu alikuwa anaomba.

Femia alisimama kwenye mtumbwi wake, akaita majina. Alipoita Lucelly, aliitikiwa kwa ukelele wa Lucelly, kutoka upande wa mtumbwi wa Teófila. Hakuondoka bila jibu. Alisubiri jibu, akalipata, akadhani mtoto anapanda kule na mwenzake kama walivyozoea. Dorlisa alitoka mizizini akapanda kwa Teófila, akijua Lucelly yuko kwa mama yake. Alikuwa na miaka kumi na mmoja. Njia nzima alikuwa akiimba.

"Tangu lini unajua?" Dorlisa aliuliza pale barazani.

"Tangu gatini. Kule mkokoni niliamini, Mungu ni shahidi yangu. Ulimwiga sawasawa. Lakini Teófila aliponiuliza nikakuona nyuma ya Próspero, midomo imekukauka, nikajua."

"Kwa nini hukusema?"

"Nimwambie nani? Arcadio na panga lake? Teófila na ulimi ule? Ungekua huku kila anayekutazama anakudai Lucelly. Mmoja nilikuwa nimekwisha kumpoteza siku ileile. Wewe nilikuwa naye bado."

"Wakakutafuna wewe."

"Mimi nyama yangu ngumu."

Alicheka, na kicheko kikamuumiza, akashika tumbo. Dorlisa alikuwa analia mpaka haoni nywele. Femia alinyoosha mkono nyuma, akamshika goti.

"Sasa usije ukalisema nikifa. Waache na lao. Una watoto."

Dorlisa alirudi kwenye nywele bila kuahidi. Femia alikuwa mtu wa kutiiwa, na katika maisha yote ya Dorlisa hili ndilo neno la kwanza alilomkatalia.

Tangu siku hiyo walizungumza juu ya Lucelly kila mchana. Miaka yote walikuwa wamekwepa kumtaja, huyu akimhurumia yule, na sasa walimtaja mpaka kwa kicheko: ukaidi wake, meno yake ya mbele, jinsi alivyokuwa akiiba mto. Mwezi Septemba Femia hakuweza tena kukaa. Wilmar alimbeba, akamlaza katika kayaki ya watu wawili juu ya blanketi, akampitisha hori la kwanza na la pili. Alitaka na la tatu, lakini maji yalikuwa yanaondoka.

Alifariki Jumanne tarehe 8 Oktoba 2024, saa nne na dakika ishirini asubuhi, nyumbani kwake, mkono mmoja ukiwa mikononi mwa Wilmar na mwingine kwa Dorlisa. Alikuwa na miaka sitini. Muda mfupi kabla aliuliza kama wageni wa siku hiyo wamepewa kofia. Wilmar alimwambia wote wanazo.

Binti yake Lucelly Angulo Cuero alimtangulia. Marehemu ameacha mwana, Wilmar Angulo Cuero, na mkewe Yurani. Wajukuu wawili, Keiner na Lucelly mdogo. Mdogo wake wa kiume Próspero, mdogo wake Ninfa aliyeko Cali, na mdogo wake Dorlisa. Watoto watatu wa Dorlisa, waliomwita bibi. Vijana tisa wa kayaki. Na mume, Arcadio Angulo Riascos, ambaye hawakuwahi kuachana mbele ya sheria wala mbele ya padri, aliyefika asubuhi hii kwa boti ya Buenaventura na amesimama kule nyuma karibu na nguzo.

Akina mama waimbaji, mama Teófila, leo mtamwimbia mwenzenu. Mwimbieni mkijua nani mnamwimbia. Na shemeji Arcadio, ulimuuliza Femia mlangoni kama alingoja au hakungoja, ukaenda na ukimya wake. Alingoja. Alimwita mwanao kwa jina, akangoja, akaitikiwa, akaamini kama ambavyo mzazi yeyote hapa angeamini. Aliyeitika ndiye huyu anayesoma. Akimaliza hatakwenda kukaa na familia. Atabaki amesimama hapahapa kando ya jeneza, kwa yeyote mwenye neno naye, na wewe uanze.

Femia Cuero, dada uliyekuwa mama: nimelisema, unisamehe. Lala sasa, mtu asikudai kitu tena.